Alama Mbili za Mtungi

Stima zimepotea tangu isha.
Nina karatasi hamsini na mbili za Kidato cha Pili,
kalamu nyekundu inayokohoa,
taa ya kuchaji, bilauri ya maji,
barafu ya mwisho ya Bi. Zuhura wa jirani
kabla jokofu lake halijakata tamaa,
na mwongozo wa kusahihisha, aliouchapa mkuu wa idara
bila kukosea hata nukta.

Mwongozo haujawahi kuishi Kisauni.

Mtihani ni wa Kizungu; haya nawatafsiria.
Swali la kwanza: taja kifaa cha kupimia ujazo.
Wengi wamepata. Ngolo ameandika "kibaba".
Nikacheka peke yangu, nikampa sufuri,
kisha nikakikumbuka kibaba cha mama pale Kongowea,
kilivyokaguliwa, kikapigwa muhuri wa serikali,
nikaitazama ile sufuri
imenikodolea kama jicho.

La pili: kwa nini sabuni haitoi povu upesi
kwenye maji ya kisima?
Mwongozo: chumvi za kalsiamu na magnesiamu.
Swafiya: kwa sababu bomba halijatoka, hii wiki ya tatu.
Si jibu, Swafiya.
Ni kweli, lakini si jibu.
Kuna kweli zisizo na alama,
na hilo hatuwafundishi, mnakuja mnalijua.

La tatu wamepata wote, hata wa mkiani.
Litimasi tuliichovya wenyewe kwenye ukwaju,
kwenye maabara yetu ya mfereji mmoja,
na Mwadzombo akailamba karatasi
aone ulimi wake uko upande gani.

La nne: kwa nini maji ya mtungi hupoa?
Mwongozo unataka uvukizaji, unataka joto fiche,
alama moja kwa kila neno.
Tunu Chibwara, wa dirisha lisilofungika,
ambaye muhula mzima hakunyosha mkono,
ameandika hivi. Hili sitafsiri,
aliliandika kwa Kiswahili chake:

"Mtungi hutoka jasho kwa niaba ya maji.
Jasho likiondoka huondoka na joto.
Lakini mwezi wa tatu kwetu hayapoi sawasawa,
kwa sababu hewa yenyewe imeloa,
haina pa kuliweka jasho.
Nyanya huuhamishia mtungi penye upepo."

Nimesoma mara ya kwanza kimwalimu.
Mara ya pili nimekaa wima.
Neno la kwanza halimo. La pili halimo.
Umo unyevu wa hewa,
ambao sijamfundisha mimi wala mwenzangu.
Limo jaribio zima: hamisha, linganisha,
sema ulichokiona.
Na nyanya wa watu, sijui kama aliwahi kushika kalamu,
amekuwa akiufanya mtihani huu kila kiangazi
asipate wa kumsahihishia.

Mwongozo unasema sufuri.
Na mimi, mtu mzima na shahada yangu ukutani,
mwezi wa tatu huu nimeketi
natokwa na jasho lisilokauka,
na sababu yake nimeelezwa na mtoto.

Nikaandika mbili.
Kwa penseli kwanza. Kisha kwa nyekundu,
nikaikandamiza hadi ikatokea upande wa pili.
Jumatatu nitaulizwa, na swali nalijua.
Jibu bado.
Labda nitamwambia mkuu avue tai
tukaongelee nje.

Nikainua bilauri ninywe.
Ilikuwa imeacha duara la maji juu ya karatasi ya Tunu,
na ile mbili imeanza kutambaa,
wekundu ukifuata nyuzi za karatasi
kuelekea kwenye neno "upepo".

La tano: maji yaliyo nje ya bilauri ya barafu
yametoka wapi?
Watoto kumi na mmoja wameandika: bilauri inavuja.

Nikaifuta bilauri kwa ncha ya leso.
Nikamrudia Ngolo.